Kutafuta spea na kufufua klachi ya pikipiki kuukuu ya CG

Pikipiki nyingi kuukuu ambazo bado zinapanda vilima vya Rungwe, Makete na Kilolo ni za ukoo wa CG 125. Honda ilianza kuiuza pikipiki hiyo mwaka 1976, ikiwa na injini inayosukuma valvu kwa vijiti badala ya cheni, na baadaye viwanda vingi vya China vikaiga injini hiyo karibu kila kipande. Kwa sababu hiyo mwenye Honda ya zamani aliyeko Mbeya au Iringa hana haja ya kulia kwamba spea zimekwisha duniani, kwani zimejaa madukani kwa majina mengine. Kazi yake ni kujua ipi kati ya hizo itaingia kwenye injini yake, na hilo halijulikani kwa kusoma boksi bali kwa kupima.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha unajua klachi inaumwa nini. Klachi inayoteleza huonekana mlimani: unatoka Uyole kuelekea Isyonje, unaongeza mafuta ukiwa gia ya tatu au ya nne, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Klachi isiyoachia huonekana ukiwa umesimama: umebana leva mpaka mwisho na bado pikipiki inataka kwenda, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, baridi ya huku ikiwa kali, pleti, yaani sahani nyembamba zinazobanana ndani ya klachi, hugandana kidogo kwa oili nzito hata kwenye klachi isiyo na ubovu, kwa hiyo usitoe hukumu mpaka injini ipate joto.

Anza na kebo, kwa kuwa haigharimu kitu. Ncha ya leva ya mkononi inapaswa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huzifanya pleti ziteleze wakati wote, na iliyolegea huzuia klachi kuachia. Halafu uliza ni oili gani iliyomo. Klachi ya pikipiki hii huzama kwenye oili ileile ya injini, na oili za magari madogo zilizotengenezwa kupunguza matumizi ya mafuta huwa na viambato vya utelezi vinavyoharibu kazi ya pleti. Chupa inayofaa huandikwa JASO MA, MA1 au MA2, alama za viwango vya Kijapani kwa oili za pikipiki. Nimeona klachi zikifunguliwa na kununuliwa pleti mpya ilhali kosa lote lilikuwa kwenye dumu la oili ya bei rahisi.

Ikiwa kebo na oili ni sawa, fungua. Pasha injini moto kidogo, mwaga oili yote, kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali pa tambarare. Toa mkono wa kiki, na kwa pikipiki nyingi itabidi pia utoe sehemu ya kukanyagia, pedeli ya breki na ekzosi ili kifuniko cha kulia kipate nafasi ya kutoka. Chomoa kebo kwenye mkono wake ulio juu ya kifuniko hicho. Bolti za kifuniko hazilingani urefu. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali ulipoitoa, kwa sababu bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu. Kifuniko kikikataa, kigonge kwa nyundo ya mbao pembeni. Kuingiza bisibisi kwenye maungio ndiyo njia ya uhakika ya kupata injini inayovuja oili mpaka itakapouzwa.

Ndani utaona klachi imeshikwa na bolti nne zinazobana springi nne. Zilegeze kidogo kidogo kwa mkingamo, si moja hadi mwisho kisha nyingine, maana springi husukuma sahani upande na kuvunja nguzo zake. Baada ya hapo kuna kufuli la katikati, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Baadhi ya injini za CG zina klipu tu, ambayo hutoka kwa koleo ya klipu. Nyingine zina nati ya mviringo yenye mikato minne, na nati hiyo haina spana ya kawaida. Fundi wa haraka huchukua patasi na nyundo, akaila mikato yote, na anayekuja baada yake hana pa kushika. Tafuta boksi spana kuukuu au kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo kinacholingana na nati, ukipeleke kwa mchonga vyuma akikate meno manne. Mjini Mbeya kazi hiyo hufanywa na wenye mashine za kuchonga, na spana hiyo utaitumia maisha yako yote. Ili habu, yaani kitovu cha klachi, isizunguke, ingiza gia ya juu kabisa na msaidizi avute mkono wa breki uliopo kwenye gurudumu la nyuma.

Ukiwa hapo, fungua pia chujio la oili la mzunguko lililo kwenye ncha ya krenki, mhimili mkuu wa injini, karibu kabisa na klachi. Kifuniko chake kinashikwa na skrubu tatu. Ndani utakuta tope jeusi lililogandana kwenye kuta, lililo mchanganyiko wa vumbi la chuma na mabaki ya pleti. Lisugue kwa kitambaa na petroli mpaka chuma kionekane.

Sasa panga vipande vyote juu ya gazeti kwa mfuatano vilivyotoka, na uvipime. Pleti zenye lainingi, yaani utando wa msuguano, zikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na zikishuka hadi 2.6 hazifai tena, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Pleti za chuma hazihitaji kubadilishwa kila mara. Zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha; kama karatasi nyembamba ya fila geji (kipimo cha mwanya) ya milimita 0.2 inapita chini yake, pleti hiyo imepinda. Rangi ya bluu ni alama ya joto kali, na pleti yenye bluu ya kukolea mimi huiondoa bila mjadala. Springi zisimamishe zote nne kwa mstari na uweke rula juu yake: fupi kuliko wenzake imechoka, na hubadilishwa zote kwa pamoja.

Kipande ambacho wateja hawakiulizi na mafundi hawakitaji ni nyumba ya klachi, ile bakuli yenye vidole ambamo masikio ya pleti huingia. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila kidole. Pleti ambazo zimegonga hapo kwa miaka huacha mikato, na masikio ya pleti mpya yakiingia kwenye mikato hiyo hukwama, hivyo klachi inakataa kuachia ingawa umelipia seti nzima. Mikato myepesi huondolewa kwa tupa laini, ukisawazisha kingo zote mbili kwa kiasi kilekile na kuhakikisha zinabaki wima. Mikato ya kina haina tupa. Ukiendelea kuikwangua, vidole huwa vyembamba na pleti zinaanza kucheza na kugonga. Nunua nyumba nyingine, hata ya mtumba, ili mradi gia yake ya nyuma haitikisiki kwenye riveti zake.

Ni wakati huu, si kabla, ndipo uende dukani. Mbeya utaanzia Mwanjelwa, na Iringa kuna maduka katikati ya mji na Ipogolo. Beba pleti moja ya lainingi, pleti moja ya chuma, springi moja na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo. Usiseme tu "nipe pleti za CG", kwani muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake, na seti za injini za 125, 150 na 200 hufanana sana zikiwa kwenye mfuko. Linganisha kipenyo cha nje, idadi ya masikio, upana wa sikio na idadi ya pleti. Kisha pima unene wa kila pleti kwenye seti: zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, au lainingi ikiwa imebandikwa kando ya mstari, rudisha seti hiyo bila haya. Bei kubwa haimaanishi ni orijino, na nembo ya boksi huchapishwa popote.

Beringi ndogo iliyo katikati ya sahani ya springi inunue kwenye duka la beringi kwa namba iliyochorwa ubavuni mwake, maana hapo utapata iliyo bora kuliko ya dukani kwa spea za pikipiki. Seti isipopatikana mjini, mtu wa Kariakoo anaweza kuituma kwa basi, lakini mpelekee picha za kalipa ikiwa juu ya pleti, pamoja na vipimo vilivyoandikwa. Mwenye Yamaha au Suzuki ya zamani inayotumia mafuta ya kuchanganya na oili aelewe kwamba hii si njia yake. Klachi yake ina vipimo vingine na oili ya gia boksi yake iko peke yake.

Pleti mpya zenye lainingi ziloweke kwenye oili safi usiku mzima. Ukipanga, anza na yenye lainingi, fuata ya chuma, na umalize na yenye lainingi. Hakikisha habu imeingia sawasawa kwenye nguzo za sahani ya nyuma kabla ya kukaza nati, kisha rudisha springi na ukaze bolti zake kwa mkingamo. Hizo ni bolti za milimita 6. Mkono wa spana fupi unatosha, na mwenye nguvu za kubeba lumbesa aziache hapo mlangoni.

Futa mabaki ya gasketi kwa kijiti kigumu au plastiki. Kama gasketi haipo, laza karatasi ya gasketi juu ya kifuniko na uigonge taratibu kwenye kingo kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka ikatike. Badilisha sili ya shafti ya kiki wakati kifuniko kiko mkononi. Rudisha pini mbili za kuelekeza kifuniko, hakikisha kijiti cha kusukuma kimekaa kwenye beringi, funga, kisha jaza oili takriban lita moja na uangalie kijiti cha kupimia.

Rekebisha kebo upya na uendeshe kwanza tambarare, bila abiria wala mzigo. Pleti mpya hukaa mahali pake katika kilomita za mwanzo na mchezo wa leva hubadilika, hivyo upime tena baada ya siku chache. Kwenye mteremko na mlima shika gia ya chini badala ya kushikilia klachi nusu, hasa ukiwa na viazi nyuma. Ikiwa bado haiachii baada ya yote haya, angalia mkono wa klachi kwenye kifuniko kama shafti yake imelika kwenye kona inayogusa kijiti. Kipande hicho huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa nusu saa.