Ndoo mbili jikoni, lundo moja la majirani

Kaya 11 tunatumia lundo moja la mboji, na huu ni mwaka wa nne mimi ndiye ninayeligeuza. Laiti mtu angenieleza haya mapema, nisingewasumbua majirani kama nilivyowasumbua mwanzoni.

Kazi yote huamuliwa jikoni. Vinavyooza vikishachanganyika na visivyooza, hakuna atakayevitenganisha tena: karatasi iliyolowa mabaki ya chakula haipokelewi kwenye urejelezaji, na maganda yenye vipande vya plastiki huchafua udongo kwa miaka. Kwa hiyo kila nyumba iwe na ndoo mbili. Ya vinavyooza iwe na kifuniko, na iwe ndogo, lita 5 hivi. Ndoo kubwa humshawishi mtu asubiri ijae, na kabla haijajaa imeshanuka. Tandika karatasi kavu chini yake, utaona inavyokuwa rahisi kuiosha.

Humo weka maganda ya matunda na mboga, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, maganda ya mayai yaliyopondwa na maua yaliyonyauka. Nyama, samaki, mifupa, maziwa na mafuta visiingie. Huoza, ndiyo, lakini kabla havijaoza vitakuwa vimeshaita panya. Kinyesi cha mbwa na paka nacho hapana, kwa sababu ya vimelea.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipokea ndoo za kila mtu kwa furaha, nikamwaga tu. Wiki ya tatu mama wa nyumba ya jirani alinifuata. “Kaka,” aliniambia kwa upole, “siku hizi tunalala tumefunga madirisha.” Nilichimba lundo nikakuta katikati ni tope jeusi, limeshikana, funza wamejaa. Hewa haikuwa na pa kupita. Nilishinda mchana kutwa nikichanganya magunia matatu ya majani makavu, na baada ya siku chache harufu ikaisha.

Tangu hapo sipokei hata ndoo moja kabla sijawa na akiba ya vikavu: majani yaliyopukutika, nyasi kavu, maranda ya mbao zisizopakwa rangi, boksi lililochanwachanwa. Kwa kila ndoo 1 ya mabichi, weka 2 hadi 3 za makavu. Mabichi yana nitrojeni nyingi, makavu yana kaboni, na vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Makavu pia ndiyo yanayoacha nafasi za hewa. Ukikumbuka jambo moja tu katika maelezo haya, liwe hili.

Lundo likae juu ya udongo, kivulini. Anza na vijiti vya kupitisha hewa, kisha pokezanisha mabichi na makavu, na kila ukimwaga ndoo malizia kwa kufunika na makavu. Lifike angalau mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande, maana lundo dogo halishiki joto.

Joto lenyewe nalipima kwa kijiti. Nakichomeka mshazari mpaka katikati, nakiacha humo, na asubuhi nakichomoa na kushika ile ncha iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto na yenye unyevu kidogo, lundo linafanya kazi; katikati huweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikiwa ya baridi na kavu, nyunyiza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka uozo, geuza lundo lote, ulilete la nje ndani. Ukisikia harufu kali kama ya mkojo, mabichi yamezidi. Unyevu pima kwa kiganja: ukikamua konzi ya mboji, lishikane, na maji yasizidi tone moja au mawili.

Mimi hugeuza mara moja kwa wiki, na ndani ya miezi mitatu au minne hivi linakuwa jeusi, linanukia udongo ulionyeshewa, na huwezi kutambua tena ganda lilikuwa la nini. Liache litulie mwezi mmoja kabla ya kupandia.

Ndoo ya pili haina mambo mengi. Suuza, kausha, tenga: karatasi, vioo, makopo, plastiki. Plastiki zina namba ndani ya pembetatu. Muulize anayekusanya anachukua namba zipi kabla hamjaanza kuzirundika. Makopo ya alumini msiyatupe kabisa: kuyayeyusha upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya. Betri zikae kwenye chombo chake, kwani za lithiamu zikibanwa au kutobolewa huweza kuwaka. Vioo vilivyovunjika vifungwe na kuandikwa, kwa usalama wa mikono ya anayevibeba.

Mboji ikiiva tunaichekecha, kila kaya inapata fungu lake, hata ile isiyo na bustani, kwa sababu nayo ilileta ndoo. Vipande vigumu vinavyobaki juu ya chekecheo navirudisha chini ya lundo jipya, juu ya vijiti, vikiwa na vijidudu vyake tayari.