Aliyemeza kete akiletwa kituoni kwako

Wauguzi wadogo zangu mnaoshika zamu Usa River, Boma Ng'ombe na vituo vingine vya afya vya barabara ya Moshi na Arusha, uwanja wa ndege wa KIA uko katikati yenu. Aliyemeza kete, yaani vifurushi vidogo vya dawa za kulevya vya kusafirishwa tumboni, anaweza kuzidiwa akaletwa kwenu kabla ya hospitali za KCMC au Mount Meru. Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Moshi, nawaomba mshike haya.

Askari aombwe asimame nje ya pazia. Kisha muulize mgonjwa kwa upole: umemeza nini, ngapi, lini, zimefungwa kwa nini? Anayeogopa jela hataji idadi mbele ya bunduki, na idadi hiyo tutaihitaji sana. Kipimo cha mkojo kisikutulize. Huweza kutoonyesha kitu na tumbo limejaa.

Heroini ikivuja, mboni husinyaa kabisa, usingizi huwa mzito, pumzi za kuhesabu. Mpe pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, kwanza, ndipo naloksoni, dawa ya kuizima heroini, miligramu 0.4 kwenye mshipa, ukirudia na kuongeza hadi apumue vizuri. Akizinduka usimwache! Naloksoni huisha nguvu mapema, na kete bado inavuja. Atazama tena.

Kokeini ndiyo naiogopa zaidi, maana haina dawa ya kuizima. Mboni hupanuka, jasho, moyo mbio, mwili kuwaka moto, degedege. Mpe diazepamu, dawa ya kutuliza, miligramu 5 hadi 10 taratibu kwenye mshipa, mpoze kwa maji na feni, propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, usiiguse hata mapigo yakikutisha. Daktari wa upasuaji apigiwe simu dakika hiyo hiyo, kwa sababu kete iliyopasuka hutolewa kwa kufungua tumbo.

Ndugu watakuja na maziwa, wengine mafuta ya nyonyo. Kataeni, mama zangu, hata wakilia. Mafuta hudhoofisha mpira uliofungia kete, na maziwa yanaweza kumpalia akilegea. Kumtapisha pia hapana.

Asiye na dalili naye ni mgonjwa: kanula (mrija wa mshipani), mashine ya mapigo, rufaa. Huko atapigwa picha na kupewa maji ya polietilini glaikoli ya kusafisha utumbo. Akitapika huku tumbo limevimba na choo hakipiti, utumbo umeziba, ni upasuaji.

Kila choo kiingie kwenye chombo, kete zihesabiwe mbele ya shahidi na kuandikwa. Haruhusiwi mpaka idadi itimie na CT skani ionyeshe tumbo tupu.