Somo: Kufufua trekta ndogo ya dizeli iliyonunuliwa kwa ajili ya spea

Swali ni lilelile kila wiki: "Nimepata Kubota ndogo kwa bei ya chuma chakavu, itawaka?" Najibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo linahusu injini za Kubota za silinda tatu: D750, D850 na D950. Wenye Yanmar na Iseki mnaweza kufuata, ila hatua ya 6 na vipimo vya hatua ya 4 na 5 haviwahusu.

1. Osha trekta nzima, kisha piga picha kila waya na kila paipu kabla ya kulegeza nati yoyote.

2. Mwaga oili, maji na dizeli yote ya zamani. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hapo unafungua silinda hedi kwanza, usiwashe.

3. Injini ikiwa imekwama, toa plagi za hita (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), mimina vijiko vitatu vya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye kila silinda. Acha siku tatu hadi saba. Zungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki, kidogo mbele, kidogo nyuma. Usitumie stata, wala usiivute kwa pikapu ikiwa kwenye gia. Ikilegea, izungushe mara kadhaa matundu yakiwa wazi, wewe ukiwa umesimama kando, mpaka mafuta yote yaruke nje. Mafuta hayabanwi kama hewa: yakibaki juu ya pistoni, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda.

4. Nafasi ya valvu: milimita 0.145 hadi 0.185, injini ikiwa baridi.

5. Safisha tangi, badilisha filta na mipira yote ya dizeli. Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nakuru na Kisumu wapo. Zifunguke kati ya bar 137 na 147, zitoe ukungu mwembamba, zisidondoshe tone. Ukizirudisha, weka washa (pete za kuziba) mpya.

6. Pampu ya dizeli. Kama si lazima, usiitoe. Nilikosea hapa, na injini nzuri ikaharibika, kwa hiyo soma polepole.

Chini ya pampu kuna shimu nyembamba za chuma. Hizo ndizo zinazoweka wakati wa kupuliza dizeli. Milimita 0.15 ya shimu ni takriban digrii 1.5: ukiongeza unachelewesha, ukipunguza unawahisha. Zihesabu, zipime, zifunge pamoja kwa waya. Usiweke gasketi ya karatasi badala yake.

Hatari kubwa zaidi ni pini ya reki, fimbo ya pampu inayoongeza na kupunguza dizeli. Kabla ya kuinua pampu, sogeza reki mpaka pini ifike kwenye mwanya uliochongwa kwenye bloku, ndipo uinue. Ukilazimisha, unapinda reki. Wakati wa kurudisha, pini hiyo lazima iingie ndani ya uma wa gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Ikikaa nje ya uma, gavana haitawali tena dizeli: injini ikiwaka inapaa mpaka mwendo wa mwisho na haishuki. Mulika kwa tochi uione imeingia kabla pampu haijakaa chini. Pampu ikikataa kukaa, usiivute kwa bolti; inua uanze upya. Na angalia springi za gavana: zikianguka ndani ya sanduku la gia za mbele, utafungua mbele yote kuzitafuta.

7. Toa hewa iliyobaki kwenye njia ya dizeli: filta kwanza, pampu ifuate, mwisho nati za paipu kwenye nozeli. Usitafute uvujaji kwa kidole. Dizeli ya msukumo ule hutoboa ngozi.

8. Mara ya kwanza kuwasha, acha kichujio cha hewa kikiwa nje na kipande cha ubao kikiwa mkononi. Injini ikipaa, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, si kwa kiganja. Usipulizie etha (dawa ya kopo ya kuwashia injini). Hita zikiwa moto, inalipukia ndani ya bomba la hewa.

MASWALI

Kijana wa Kibuye: Yangu haiwaki. Pampu mpya ni pesa ngapi?

Mwandishi: Umetoa hewa?

Kijana wa Kibuye: Bado.

Mwandishi: Hatua ya 7.

Mwenye Shamba: Fundi wangu amesema shimu hazina kazi, ametia silikoni na inawaka vizuri tu.

Mwandishi: Kuwaka si kipimo. Shimu mbili za 0.15 zikikosekana, dizeli inawahi kwa digrii 3 hivi, na utasikia injini ikigonga kama nyundo. Pistoni na beringi ndizo zinazolipa. Nimeandika, uamuzi ni wako.

Mama Njoro: Shikamoo mwalimu. Asubuhi inatoa moshi mweupe dakika mbili, kisha unaisha. Ikilima mlima, moshi mweusi. Ni ugonjwa mmoja?

Mwandishi: Marahaba mama, umeuliza vizuri. Ni mambo mawili. Mweupe ni dizeli isiyoungua: silinda moja haipati joto. Tenganisha plagi za hita, pima kila moja kwa mita ya umeme. Nzima husoma karibu omu 1. Iliyokufa haisomi kitu. Zote zikiwa nzima, pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Chini ya bar 23, ringi au valvu zimechoka. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na Nakuru penyewe ni kama mita 1,850. Safisha kichujio cha hewa, shuka gia moja, na usiruhusu mtu aguse skrubu ya dizeli.

Mama Njoro: Plagi ya kati haisomi kitu. Asante sana.

Mwandishi: Basi badilisha zote tatu pamoja, mama, na uangalie bamba la shaba linaloziunganisha. Kutu hapo hula umeme.

Otis wa Ahero: Msimu wa mvua nakuta maji kwenye bilauri ya filta kila wiki. Tangi halivuji.

Mwandishi: Ni unyevu wa hewa unaogeuka matone ya maji ndani ya tangi lililo nusu tupu usiku. Lijaze jioni ukimaliza kazi, si asubuhi. Bilauri imwage kabla ya kuwasha, maji yakiwa bado yametulia chini.

Otis wa Ahero: Na huku kwetu udongo mweusi, magurudumu yanateleza na rotaveta (jembe la kuzunguka) inabaki palepale.

Fundi Bahati: Jaza maji kwenye tairi za nyuma, kaka. Inua gurudumu, valvu ikae juu kabisa, jaza mpaka maji yafike kwenye valvu. Hiyo ni kama robo tatu, na hewa inabaki juu. Halafu usilime kukiwa na maji yamesimama. Subiri udongo umeguke mkononi.