Somo: Kuchagua kompyuta mpakato yenye viini vingi kwa kazi ya hisa

Wakuu, habari za kazi. Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Ninunue i5 au i7 (aina mbili za prosesa za Intel) ili nifanye biashara ya hisa za Marekani?" Dukani utajibiwa i7, kwa sababu bei yake iko juu. Mimi nakuomba uanze na swali jingine: programu unayotumia inavitumiaje viini vya prosesa?

Kiini (core) ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu, na ni kama fundi cherehani. Ukiwa na mafundi wanne, nguo nne zitashonwa kwa wakati mmoja. Lakini shati moja lililoko kwenye cherehani halitaisha haraka eti kwa sababu mafundi watatu wamelizunguka wanatazama.

HATUA YA 1: Taja programu yako kwa jina

Kama unanunua hisa za Dar es Salaam kupitia Hisa Kiganjani, programu ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, simu yako inatosha, hela ya kompyuta nunulia hisa. Kama unatumia TradingView, tovuti ya chati, ndani ya kivinjari, hesabu nzito za kujaribu mkakati (kupima kanuni zako za kununua na kuuza kwa bei zilizopita) zinafanyika kwenye seva zao. Mashine ya viini 4 na RAM ya GB 8 itakutosha, mradi usifungue vichupo arobaini. Trader Workstation ya dalali wa Marekani Interactive Brokers inaendeshwa na Java na inapenda RAM, na kwenye mipangilio yake unaweza kuiongezea kumbukumbu.

MetaTrader, programu ya chati na oda, ndiyo inayowachanganya wengi. MetaTrader 4 ni ya mwaka 2005, ni ya biti 32, na kipimaji chake cha mikakati kinatumia kiini kimoja tu. Hata ukiipa mashine ya viini 16, kumi na tano vitakaa. MetaTrader 5 ya mwaka 2010 ni ya biti 64 na inaweza kugawa kazi, ila hapa sikilizeni vizuri: ukijaribu roboti yako (programu ndogo inayonunua na kuuza yenyewe) mara moja kwa mpangilio mmoja, bado ni kiini kimoja kinachofanya kazi. Viini vyote vinaamka pale unapotafuta mpangilio bora, yaani programu inapojaribu mipangilio mingi kwa mkupuo.

Chukua mfano. Una mipangilio 400, na kila mmoja unakula sekunde 30. Kwa kiini kimoja ni saa 3 na dakika 20. Kwa viini 4 ni dakika 50 kwenye karatasi, na zaidi kidogo kwenye mashine halisi kwa sababu ya joto. Kama kazi ya namna hii unaifanya kila wiki, viini vingi vitakulipa. Kama huifanyi, tafuta kasi ya kiini kimoja kimoja na prosesa ya kizazi kipya.

HATUA YA 2: Soma namba nzima ya prosesa

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mashine yenye kibandiko cha i7. Alikuwa ameongeza pesa ili aiache i5 iliyokuwa pembeni yake kwenye meza hiyohiyo. Tukaiwasha, tukaangalia: i7-7500U, viini 2. Ile i5 aliyoiacha ilikuwa i5-8250U ya mwaka 2017, yenye viini 4. Iliniuma, maana pesa ile aliitafuta kwa jasho.

Kwa hiyo usiishie kwenye "i7". Kwa Intel, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 8250U ni kizazi cha 8, 1235U ni cha 12. Kuanzia kizazi cha 8 ndipo Windows 11 inapoikubali kirasmi, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine inayoshika akaunti ya pesa zako isiwe imeachwa bila masasisho ya usalama.

Angalia pia viini vya aina mbili. i5-1235U imeandikwa viini 10, lakini 2 tu ndivyo vya nguvu. 8 ni vidogo vya kubana umeme. Si mbaya hata kidogo, ila usiipigie hesabu ya mafundi kumi wenye mikono sawa. Kwa mtumba, ninazozipenda kwa kazi hii ni zenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 PRO 4650U: viini 6, vyote sawa.

HATUA YA 3: RAM iendane na viini

Kila kiini kinachopima mkakati kwenye MetaTrader 5 kinabeba data zake chenyewe. Nane vikifanya kazi, na kila kimoja kikashika GB 1, zimekwenda GB 8 kabla hujahesabu Windows. Nenda GB 16, na uulize kama kuna nafasi ya kuongeza. ThinkPad T480, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM. SSD, yaani diski ya kasi, sisemi sana: iwepo, basi.

HATUA YA 4: Ipime palepale dukani

Nenda na flashi yenye programu ya bure ya 7-Zip. Chomeka chaja, kwa sababu mashine nyingi zinajipunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), usome idadi halisi ya viini na kasi ya msingi. Kisha anzisha kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip na ukiache kiende dakika kumi. Muuzaji akikuharakisha, mwambie kwa upole kwamba unasubiri.

Tazama kasi. Kwenye i5-8250U itaruka juu ya GHz 3, halafu itashuka na kutulia. Kushuka huko ni kawaida kwa mashine nyembamba. Ikishuka chini ya kasi ya msingi, ambayo kwa prosesa hiyo ni GHz 1.6, huenda feni imejaa vumbi au dawa ya kupoza prosesa imekauka. Omba isafishwe mbele yako, au iache.

Malizia na betri: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo iliotoka nao kiwandani na uliobaki. Umeme ukikatika huku una oda sokoni, betri ndiyo inayokupa muda wa kuifunga. Ruta nayo itafutie betri yake.

HATUA YA 5: Panga saa za kazi nzito

Soko la New York linafunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa zetu wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi, na saa 11:30 jioni wakati wa baridi yao. Majaribio makubwa yafanye asubuhi. Kama ni lazima yaendelee jioni, zima wapimaji wawili watatu (kila mpimaji anashika kiini kimoja) kwenye orodha ya MetaTrader 5 ili chati zipate pumzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikiwa na viini 16 oda zangu zitafika New York haraka zaidi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hata mwanga ndani ya waya wa kioo, ukienda moja kwa moja kutoka Dar na kurudi, unatumia zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na njia halisi ni ndefu kuliko hiyo. Viini haviwezi kuifupisha.

Swali: Natumia MetaTrader 4 tu, roboti mbili, chati sita. Ninunue mpya?

Jibu: Usinunue. Ukiona inalemewa, sakinisha MetaTrader 4 mbili kwenye folda mbili tofauti, kila roboti na yake. Windows itazigawia viini tofauti.

Swali: Niko Mombasa, nina MacBook ya M1. Yafaa?

Jibu: Yafaa, dada. Trader Workstation ina toleo la Mac. MetaTrader 5 nayo inaingia, ila inapitia Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Mac, hivyo jaribu kwanza na akaunti ya mazoezi kwa wiki mbili hivi.

Swali: Naweza kuiacha inawaka usiku kucha roboti ifanye kazi?

Jibu: Kwa majaribio, sawa, iweke juu ya meza ngumu, si kitandani. Kwa pesa halisi, kodi seva na uiweke roboti huko. Kazi hiyo haihitaji viini vingi, inahitaji umeme na intaneti visivyokatika.