Kabla hujanunua prosesa mpya ya kompyuta yako ya gemu, pima kwanza

Wakuu, wenye mashine za gemu za miaka saba nane iliyopita wanauliza sana hili swali, "gemu zimeanza kunisumbua, nibadilishe prosesa?" na majibu yanakuja haraka haraka, huyu anasema weka i7 ya Intel, yule anasema uza yote hamia Ryzen ya AMD, na hakuna hata mmoja aliyeuliza unacheza gemu gani, una GPU (kadi ya picha) gani na skrini yako ni Hz ngapi, yaani inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Bila hayo mambo matatu jibu lolote ni la kubahatisha, na unazobahatisha nazo ni hela zako. Kupima mwenyewe ni jioni moja tu na programu zote ni za bure, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza elewa kinachoendelea humo ndani. Kila fremu (picha moja ya gemu) unayoiona, prosesa ndio inaiandaa kwanza, nani amesimama wapi, risasi imempata nani, gari linapinda vipi, afu inaikabidhi GPU ichore. Ni kama fundi na saidia fundi, saidia akichelewa kuleta zege basi fundi hata awe hodari vipi anabaki amesimama na mwiko mkononi. Ukitaka FPS 60 (fremu 60 kwa sekunde) kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, ukitaka 144 inabaki kama milisekunde 6.9, na hapo ndipo prosesa za zamani zinapoanza kuhema. Ukiona GPU yako imekaa inasubiri, prosesa ndio tatizo. Ukiona GPU imebanwa mpaka mwisho, prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana, hela peleka kwenye GPU.

Sasa tunapima. Shusha MSI Afterburner, inafanya kazi hata kama GPU yako sio ya MSI, na inakuja pamoja na RivaTuner ambayo ndio inaandika namba juu ya gemu wakati unacheza. Washa zionekane asilimia ya matumizi ya GPU, matumizi ya kila thredi (njia ya kupitisha kazi) ya prosesa moja moja, joto la vyote viwili, RAM, memori ya GPU, na ule mchoro wa frametime, yaani muda unaotumika kwa kila fremu. Kabla hujaanza zima V-Sync (inayofunga FPS zifuate skrini) na kikomo chochote cha FPS ndani ya gemu na kwenye draiva ya GPU, maana ukiacha kikomo cha 60 utakuta GPU iko 50% na prosesa iko 40% ukadhani kuna mgonjwa kumbe mashine imeambiwa isizidi hapo. Afu usipimie kwenye menyu wala kwenye chumba kitupu. Nenda sehemu ngumu, GTA V endesha gari kwa kasi katikati ya mji, CS2 (Counter-Strike 2) ingia deathmatch iliyojaa watu, cheza dakika kumi hivi huku unasoma namba.

GPU ikiwa 95 mpaka 99% muda mwingi, basi yenyewe ndio imefika mwisho, prosesa haina kosa. GPU ikiwa inacheza kwenye 60 au 70% na FPS hazikuridhishi, kuna kitu kinaichelewesha na mara nyingi ni prosesa. Hapa watu wengi wanadanganywa na Task Manager ya Windows, wanaona CPU (yaani prosesa) 35% wanasema prosesa iko poa kabisa, hapana, hiyo ni wastani wa thredi zote. Gemu nyingi zina thredi moja kuu inayobeba mzigo mkubwa, hiyo ikijaa basi FPS zinagota hapo hapo hata kama thredi zingine kumi na moja zimelala. Ndio maana nikasema weka kila thredi ionekane peke yake, japo hata hivyo Windows inaihamisha kazi kutoka thredi moja kwenda nyingine kwa hiyo unaweza usione 100% popote, iamini zaidi ile namba ya GPU.

Kama bado una wasiwasi kuna kipimo kimoja hakina ubishi. Simama sehemu moja kwenye gemu, soma FPS, afu shusha rezolusheni kutoka 1920x1080 mpaka 1280x720 na usiguse setingi nyingine hata moja. FPS zikipanda sana, GPU ndio ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale au zikaongezeka mbili tatu, prosesa ndio imekushikilia. Nasisitiza usiguse setingi nyingine kwa sababu kuna setingi zinazoila prosesa yenyewe, idadi ya watu barabarani, umbali wa kuona vitu, fizikia, hata ray tracing inaongeza kazi upande wa prosesa, ukizishusha zote kwa pamoja hutajua ni ipi iliyokusaidia. Na ukigundua tatizo ni prosesa, hizo hizo ndio za kuzipunguza kwanza, kuna watu wamepunguza umati na umbali wakapata mwaka mwingine mzima bila kununua chochote.

Kukwama kwama ni kesi nyingine kidogo. FPS zinaweza kuwa 80 lakini kila baada ya sekunde chache gemu inashtuka, kwenye mchoro wa frametime unaona mistari inaruka juu ghafla. Inaweza kuwa prosesa, hasa zile za kori (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) 4 na thredi 4, ila kuna washukiwa wengine wa kuwahoji kabla hujatoa hela. RAM ya kijiti kimoja ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, vijiti viwili vya 8GB vinafanya kazi kwa njia mbili na prosesa inalishwa data vizuri zaidi kuliko kijiti kimoja cha 16GB. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) uangalie kama XMP, setingi ya kuikimbiza RAM kwa spidi iliyouziwa, imewashwa, utakuta mtu kanunua RAM ya 3200 inakimbia 2133 tangu siku ya kwanza, na Ryzen za mwanzo zinaumia sana na hilo kwa sababu mawasiliano ya ndani ya prosesa yanafuata spidi ya RAM. Angalia na joto, prosesa ya Intel ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia spidi yenyewe, na mashine iliyokaa miaka bila kufunguliwa ina vumbi limejaa kwenye feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama chaki, hiyo unaitibu kwa brashi na pesti ya bei ndogo. Memori ya GPU ikijaa, mfano kadi ya 4GB kwenye gemu za sasa, nayo inakwama kwama vile vile. Na kama gemu bado iko kwenye hadi diski (HDD) ya kuzunguka, jamani hamishia SSD kwanza, afu ndio tuongee.

Halafu jiulize unataka nini. Skrini yako ni 60Hz, gemu zako za stori zinakupa 60 bila kushuka, prosesa mpya itakupa namba kubwa zaidi kwenye kona ya skrini na hakuna utakachokiona. Mwenye 144Hz anayecheza CS2 au Valorant huyo ndio anaihitaji prosesa kweli kweli, maana gemu za ushindani kwa setingi za chini zinaitegemea prosesa kuliko GPU.

Tuseme umepima na prosesa ndio mkosaji. Swali linalofuata sio prosesa gani ni nzuri, ni soketi yako (tundu la prosesa kwenye mazabodi, ile bodi kuu) inakubali nini, na hapa watu wanagawanyika.

Kuna wale wenye zile desktopu za ofisini zinazouzwa used Kariakoo na Nairobi, HP EliteDesk 800 G1 au Dell OptiPlex 7020 na 9020, ndani ina i5-4570 halafu mtu kachomeka GTX 1650 akapata mashine ya gemu ya bei nafuu. Hiyo ni soketi LGA1150 na RAM ya DDR3. Ukiweka i7-4790 unabaki na kori 4 zile zile ila thredi zinakuwa 8 na spidi inapanda kutoka 3.6 mpaka 4.0 GHz kwenye turbo, yaani spidi ya juu kabisa. Kitakachobadilika zaidi ni kule kukwama kwama, FPS za juu zitaongezeka kidogo tu. Kwa maoni yangu, ukiipata used kwa bei ya chini chukua, lakini usiingize hela nyingi kwenye njia ambayo imeishia hapo. Hizo prosesa haziko kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tena usifikirie kubadilisha mazabodi peke yake kwenye hayo makasha, plagi za umeme za HP na Dell wamezitengeneza kivyao, ukibadilisha bodi unabadilisha na pawa saplai, na mara nyingi kasha pia. Wenye i5 za kizazi cha pili na cha tatu hali ni ngumu zaidi, hazina AVX2 (aina ya maagizo ya prosesa) na zipo gemu mpya zinazoihitaji, hapo sishauri kuongeza hata shilingi.

Wenye Intel za LGA1151 muwe makini na hilo jina. Kizazi cha 6 na 7 kinatumia bodi zake, cha 8 na 9 kinatumia zingine, soketi inaitwa vile vile lakini i7-8700 haiwaki kwenye bodi ya H110, ambayo ni ya kizazi cha 6 na 7. Muuzaji akikwambia "inaingia", kweli itaingia, haitawaka.

Waliobahatika ni watu wa AM4. Hiyo soketi AMD waliikokota kuanzia Ryzen za kwanza za 2017 mpaka mfululizo wa 5000, kwa hiyo mwenye Ryzen 5 1600 au 2600 kwenye bodi ya B450 anaweza kuruka moja kwa moja mpaka Ryzen 5 5600 bila kugusa bodi wala RAM. Na ni mruko wa kweli. Kori ni 6 zile zile na thredi 12, lakini kwenye 1600 na 2600 kori zimegawanywa makundi mawili, kila kundi na kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) yake ya 8MB, wakati 5600 zote zinakaa pamoja na kuchangia 32MB, na gemu zinapenda sana hiyo. Usichanganye na 5500 wala 5600G, majina yanafanana lakini kashe ni 16MB. Ukiwa na GPU kubwa na skrini ya Hz nyingi kuna 5700X3D iliyotoka Januari 2024, ina kashe ya 96MB, ila boksi lake halina kula (cooler) ya kupozea kwa hiyo hesabu na hiyo, na kama bodi yako ni A320 ya bei rahisi baki na 5600 ambayo imeandikwa wati 65 tu.

Soketi yako ikiwa imefika mwisho, ujue sasa unanunua prosesa, mazabodi na RAM, labda na Windows. Weka hiyo hesabu yote mezani kabla hujalipia hata kipande kimoja, afu ilinganishe na bei ya GPU bora. Kwa anayecheza gemu za stori kwenye 60Hz mara nyingi GPU ndio inashinda.

Ukiamua kubadilisha kwenye AM4, kazi inaanza kabla hujafungua kasha. Nenda tovuti ya aliyetengeneza bodi, tafuta jina lake kamili pamoja na toleo lililochapwa kwenye bodi yenyewe, angalia prosesa unayoitaka ipo kwenye orodha na inaanza na BIOS namba ngapi. Hiyo BIOS unaiweka ukiwa bado na prosesa ya zamani, kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, na usiifanye bila UPS, umeme ukikatika katikati ya zoezi bodi inaweza isiwake tena, na sisi tunaujua umeme wetu. Soma na maelezo ya toleo, maana kuna BIOS mpya zinazoondoa prosesa za zamani ili kupata nafasi, na zingine hazikuruhusu kurudi nyuma.

Jambo la pili wengi hawaambiwi. Kama Windows yako imewasha BitLocker (kufuli la mafaili ya diski), isimamishe kwanza na uhifadhi ile namba ya kufungulia, kwa sababu TPM, sehemu inayotunza ufunguo wake, iko ndani ya prosesa. Ukiweka mpya bodi itakuuliza uifute fTPM (hiyo TPM ya ndani ya prosesa), bonyeza Y kwa kukubali au N kwa kukataa, na ukibonyeza Y bila kuwa na hiyo namba mafaili yako yamefungwa na hakuna fundi wa kuyafungua.

Wakati wa kutoa kula ya kupozea, cheza gemu kama dakika kumi na tano ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, afu fungua na uizungushe kula kidogo kulia kushoto mpaka ikubali. Usivute juu kwa nguvu. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti ngumu inaing'oa prosesa kutoka kwenye soketi hata kama klipu imefungwa, pini zinapinda na thamani ya kuiuza inapungua pale pale. Kwenye kuweka mpya tafuta ile pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, ilingane na ya soketi, iache iingie kwa uzito wake bila kuikandamiza, pesti tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati linatosha.

Mashine ikiwaka, ingia BIOS uwashe XMP tena maana huwa inajizima, afu rudi kwenye gemu ile ile, sehemu ile ile, setingi zile zile, soma GPU imefika asilimia ngapi. Kama umenunua used fanya hivyo siku hiyo hiyo ukiwa bado ndani ya muda mliokubaliana wa kurudisha, na huo muda muuandike kwenye risiti kabla hujatoa hela.