Somo: Namna ya kutunga maneno ya kuchekesha kwa picha za kale

Kwa kuwa kila mara naulizwa swali lilo hilo, nami nikajibu vilevile, nimeona heri niliandike somo hili ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya kwanza: chagua picha yenye jambo moja lisilo la kawaida.

Hatua ya pili: itazame yote, hata pembeni, kabla ya kushika kalamu.

Hatua ya tatu: jua unachokitazama ni nini. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua zile picha za Mombasa za mwanzo wa karne ya 20 zenye toroli juu ya reli nyembamba: Mzungu mwenye kofia ngumu ameketi kivulini chini ya turubai, na nyuma yake wanaume wawili wanamsukuma, miguu mitupu. Mtungaji mwenye haraka huwacheka wasukumaji, na hiyo ni dhuluma, kwani wale walikuwa kazini na picha hawakuiomba. Wape wao ulimi: "Bwana, mlima una nauli yake." Kicheko kimehamia kwa aliyeketi, na kila atazamaye anaona sababu. Tahadhari: picha za wafungwa wa Ngome ya Yesu, iliyokuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ziache kabisa. Tahadhari nyingine: usimcheke mtu wa karne ya 19 kwa kukunja uso, maana kamera nyingi za wakati ule zilimtaka atulie kwa sekunde kadhaa, na tabasamu halivumilii kiasi hicho.

Hatua ya nne: mchague mmoja aliyemo pichani aseme, kwa maneno machache. Usieleze picha, msomaji ana macho.

Hatua ya tano: msomee mtu bila kumfafanulia. Asipocheka, futa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Changamwe: Nitungie kumi za picha yangu, nazihitaji leo.

Jibu: Picha hujaituma, ndugu, na hatua ya kwanza hujaisoma.

Mwanachama wa Kisauni: Nina picha ya gari juu ya daraja la zamani la Nyali. Sioni cha kuchekesha, ila daraja lenyewe linaonekana kama limelala juu ya maji.

Jibu: Umeona vyema, dada, na hicho ndicho cha kushika. Daraja lile lililofunguliwa mwaka 1931 lilielea, likapanda na kushuka pamoja na maji yalipojaa na kupwa, mpaka hili la sasa lilipokuja mwaka 1980. Basi mpe dereva udhuru wa kumpa mkubwa wake: "Nimechelewa, bwana, daraja lilikuwa limepwa." Jaribu na lako, ulilete tulisome.

Mwanachama wa Likoni: Kwani lazima tujue historia? Mzaha ni mzaha.

Jibu: Hatua ya tatu.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Nimeona picha ya Uingereza ya karne ya 19. Mtoto ameketi juu ya kitu kilichofunikwa shuka, na mkono wa mtu umechomoza. Ni nini?

Jibu: Swali zuri sana. Mama alifunikwa ili amshike mtoto asitikisike, naye asionekane kwenye picha. Ukijua hivyo, mtoto anaweza kusema: "Kiti hiki kinanifinya." Maneno matatu tu, na jicho la msomaji litaukimbilia ule mkono lenyewe.

Mwanachama wa Changamwe: Nimetuma sasa. Ni ya babu yetu, amevaa kanzu na miwani ya jua, amepanda baiskeli ya mtoto.

Jibu: Sasa tunaelewana. Waombe ruhusa wazee wa nyumbani kwanza, na uwaulize baiskeli ilikuwa ya nani, kwani mwenye baiskeli ndiye wa kusema. Picha yenyewe ishike kwa kingo, uipige kwa simu karibu na dirisha bila mwako, na jina lake uliandike nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya, hasa kwa unyevu wetu huu wa pwani.