Ndugu yako yuko mahabusu Isanga: namna ya kumtoa kwa dhamana

Kwanza jua ni Isanga ipi. Hapa Dodoma lipo Gereza Kuu la Isanga, na ipo Taasisi ya Isanga inayokwenda pamoja na Hospitali ya Mirembe. Mahakama ikitilia shaka akili za mshtakiwa humpeleka Taasisi achunguzwe, na daktari ana siku 42 za kuwasilisha taarifa. Huyo usimkimbizie wadhamini. Taarifa ndiyo inayosubiriwa.

Aliye gerezani, nenda masjala ya mahakama uchukue namba ya kesi, jina la hakimu na kosa lenyewe. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana, hata ukileta wadhamini kumi. Hapo tafuta wakili, na kama hamna uwezo, ulizia msaada wa kisheria. Sheria yake ipo tangu 2017.

Kosa likiwa na dhamana, soma masharti neno kwa neno. Mara nyingi ni wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji na bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa mshtakiwa asipofika mahakamani, ya kiasi kilichotajwa. Kesi za mali ya thamani kubwa huweza kudai nusu ya thamani hiyo, taslimu au kwa hati ya nyumba au kiwanja. Wengi hukwama kwenye majina: NIDA inasema Mohamedi, barua inasema Muhamad, hakimu anairudisha. Barua iandikwe huku kitambulisho kiko mezani, iwe na muhuri, tarehe na namba ya kesi.

Mkichelewa siku ya kutajwa, msikae kungoja wiki mbili nyingine. Wadhamini wakishakuwa tayari, andikeni barua mahakamani kuomba mshtakiwa aletwe kabla ya tarehe; amri ya mahakama ya kumtoa gerezani aletwe ndiyo watu huiita rimuvu oda. Fikeni asubuhi, kabla hakimu hajaingia kwenye mashauri mengine. Anayewaambia "nipe kidogo niwasogezee faili" hana kazi yoyote hapo. Dhamana haiuzwi, na fedha halali ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo na risiti hutoka.

Mahakama ikikubali dhamana mshtakiwa akiwa bado hapo mahakamani, bondi husainiwa na mshtakiwa huachiwa palepale. Ikiwa amesharudishwa gerezani kwa karandinga, lazima hati ya kuachiwa ifike gerezani, nayo ikifika jioni sana atalala ndani. Kabla haijatoka kwa karani, linganisha jina lililoandikwa na lile la hati ya mashtaka, herufi kwa herufi.